Vazi la popo wa Pemba: uzoefu wangu

Ukitaka vazi la mnyama la kuigizia, na hasa kwa joto letu hili, muulize fundi kwanza uzito utakaa wapi mwilini. Bei na rangi mtazizungumza baadaye. Mimi nimelivaa vazi la popo tangu kaskazi hadi masika yalipoanza kunyesha, skuli za Wete, Konde na Chake Chake, na sijapata kuvaa vazi la kuigizia lililonipa raha kama hili.

Kikundi chetu huwaigizia watoto mambo ya mazingira, na mhusika wetu mkuu ni popo wa Pemba, yule mkubwa mwekundu-hudhurungi ambaye duniani kote haishi pengine ila kisiwani kwetu. Aliwindwa kwa nyama mpaka ikafika miaka ya 1980 mwishoni amebaki wa kuhesabika. Leo ukenda Kidike unawakuta wamening'inia mitini kwa mamia. Nataka mtoto akimwona popo jukwaani ampende, asimkimbie, kwa hiyo vazi kwangu ni nusu ya mchezo.

La mwanzo tulilinunua likiwa tayari limeshonwa. Sponji nene kifuani na mgongoni, manyoya ya plastiki toka utosini hadi miguuni, na kichwa kizito kilichomkalia mvaaji juu ya kichwa chake. Mabawa yake yalining'inia kama kanga iliyoanikwa. Ukicheza nalo kidogo tu shingo inauma na jasho halina pa kutokea. Mwenzetu mmoja alishikwa na kizunguzungu ikabidi tumvue mbele ya watoto. Siku ile nilisema basi.

Hili jipya limetengenezwa mjini Unguja na fundi wa viti vya henzirani akishirikiana na fundi cherehani. Nilipofika kupimwa, futi ilianzia nyongani. "Mwalimu, mabega yako niachie," aliniambia fundi wa henzirani. "Mzigo huu utabebwa na nyonga." Na ndivyo ilivyo. Kuna mkanda mpana wa turubai unaofungwa kwa bizimu juu ya mifupa ya nyonga, na kutoka hapo fito mbili za henzirani zinapanda mgongoni mpaka juu ya kichwa. Mabegani inapita mikanda miwili myembamba ya kuzuia fremu isiyumbe, haibebi kitu. Zile fito zimeungana kwa pete za henzirani kuzunguka kifua na tumbo, na kitambaa kimetandwa juu ya pete. Mkono wa mtu unapita baina ya fulana yangu na vazi. Hiyo nafasi ndiyo siri ya vazi zima: hewa inaingia chini, inatokea shingoni, na jasho linakauka.

Henzirani ina uzuri mwingine. Ikipata moto hupindika vile fundi anavyotaka, ikipoa hubaki na umbo lake, na mtoto akikurukia kwa furaha inabonyea halafu inarudi. Waya ukishapinda umepinda.

Mabawa ndiyo niliyoyapenda zaidi. Popo huruka kwa vidole: vidole vinne virefu vimetandwa ngozi, na kidole gumba kimebaki nje na ukucha wake. Fundi nilimwonesha picha, akakaa nayo kitambo, kisha akazivunja mbavu za miavuli mikubwa na kuzipanga vilevile, nne kila bawa, zikikutana kwenye kiungo kimoja penye kifundo cha mkono wangu. Nikinyoosha mkono bawa linafunguka, nikiukunja linajifunga lenyewe ubavuni. Alitaka kuyarefusha yapendeze zaidi, nikamkatalia. Popo wetu akikunjua mabawa anafika kiasi cha mita 1.6, karibu sawa na mikono ya mtu mzima ikinyooshwa, nami nilitaka watoto waione saizi yake ya kweli. Wanapoambiwa kuwa mwenye mabawa yale hafiki hata kilo moja kwa uzito, hushika midomo.

Kasoro zipo. Kichwa kimefungwa kwenye fremu, kwa hiyo hakigeuki na shingo yangu. Nikitaka kumtazama mtoto wa kushoto nageuka mwili mzima. Fundi alisema anaweza kukikalisha juu ya kofia ngumu kigeuke, ila uzito utarudi shingoni. Nimechagua shingo yangu. Naona kupitia neti nyeusi iliyofichwa kooni mwa popo, na mbele naona vizuri sana, lakini miguu yangu siioni kabisa. Penye ngazi lazima mwenzangu anishike mkono, na hili msilifanyie mzaha. Kwenye uwanja wa wazi upepo wa bahari huyashika mabawa na kukuvuta. Matundu aliyoyaacha kwapani yamesaidia lakini hayajatosha.

Halafu mbavu za chuma zimeanza kushika kutu, na sisi tunaishi na chumvi. Mwambie fundi mapema akutafutie miavuli yenye mbavu za faiba. Mimi amenibadilishia bawa moja bila kunitoza, lakini nimengoja sana mpaka alipopatikana mtu wa kunibebea kwa boti.

Vazi zima lina kilo tatu na nusu. Nimelipa shilingi 280,000, na kwa kazi ile ya mkono naona ni haki. Manyoya yapo usoni na shingoni tu, mwili wote ni kitambaa cha fulana cha pamba, nacho hutoka kwenye fremu kwa vishikizo. Nakifua kila baada ya onesho na kukianika kivulini. Fremu inachomoka vipande vitatu, inaingia kwenye polo moja.

Nimeshaagiza la pili, la kimo cha mtoto wa darasa la sita, kwa sababu watoto wa Konde wanataka popo wetu awe na kinda. Tumekubaliana lisizidi kilo moja na nusu, na henzirani isikatwe mpaka mtoto atakayelivaa apimwe nyonga.