Tahadhari: muuzaji wa makabati ya gereji anayening'inia kwenye sampuli yake

Mtu mzima mwenye mwili wake alining'inia kwa mikono miwili kwenye kabati la bati mbele ya macho yangu, miguu ikiwa hewani, na kabati lile halikutikisika hata kidogo. Hicho ndicho kilichoniponza. Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi ndiye ninayewahimiza wengine wapime kabla hawajalipa, na kwamba baada ya kuchezewa na muuzaji wa ngazi niliapa kuwa hakuna muuzaji atakayenichezea tena. Basi amenichezea mchana kweupe, kwenye maonyesho ya vifaa vya nyumbani, shemeji yangu akiwa amesimama pembeni, na mimi nikampa mkono na kumshukuru.

Sababu za kutafuta makabati ya juu sina haja ya kuzirudia. Sakafu ya gereji ilikwisha jaa, gari linaingia kwa kubahatisha, na mwenye nyumba wangu, yaani mke wangu, alikwisha sema neno lake la mwisho kuhusu makopo yangu yaliyojaa sakafuni. Makabati ya kwanza yalikuwa ya mbao za kusindika, zile za vumbi la mbao na gundi, na mliyaona jinsi yalivyofura kwa unyevu hata milango ikakataa kufungika. Safari hii niliazimia kununua ya chuma, manne ya ukubwa mmoja: upana sentimita 90, urefu wa kwenda juu sentimita 60, na kina sentimita 40, ambacho ni kina kinachotosha kisanduku cha vifaa bila kabati kujitokeza hadi likagonga paji la uso.

Sasa nieleze mambo yalivyokwenda, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kusimulia hata rangi ya shati lake. Alikuwa na kibanda safi, chenye kabati moja tu la kijivu lililofungwa juu ya fremu, na chini yake kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: HUBEBA KILO 100. Nilipokaribia hakunirukia kama wauzaji wengine wanavyofanya. Aliniacha nifungue mlango, nifunge, nifungue tena, kisha akaniuliza kwa upole kama ukuta wangu ni wa matofali ya kushiba au yenye matundu. Swali hilo lilinimaliza. Nikajiambia kwamba mtu anayeuliza habari za ukuta kabla ya kutaja bei ni fundi, si mchuuzi.

Akanishika mkono, akaupeleka kwenye ukingo wa mlango, akasema, "Bana kwa vidole viwili, mzee wangu, usisikilize maneno yangu." Nikabana. Ulikuwa mnene kweli, kama mgongo wa kisu cha jikoni. Akatoa sumaku ndogo mfukoni, akaibandika mlangoni, ikashika kwa mlio, naye akasema kwamba hicho ni chuma halisi, hakuna cha kuchanganywa. Akapiga ubavu wa kabati kwa ngumi, na badala ya mlio wa debe tupu ukatoka mshindo mzito kama wa mlango wa mbao. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananiunguza: "Hao jirani zangu wanakuuzia geji 18. Mimi ninakupa geji 26." Geji ni namba ya kutajia unene wa bati. Shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikatikisa kichwa zaidi yake. Hapo ndipo alipoushika ukingo wa chini wa kabati na kuning'inia, akizungumza nasi kutoka huko juu kana kwamba ameketi kwenye kiti.

Ninaomba mnielewe kabla hamjanicheka. Niliamini kwa sababu kila kitu kilikuwa kinashikika na kuonekana: ukingo niliubana mwenyewe, mshindo niliusikia mwenyewe, na mtu mzima aliyening'inia hakuwa picha ya kwenye tangazo. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyenitahadharisha kuhusu matapeli. Alinieleza kwa kirefu kuhusu watu wanaouza makabati ya mbao za kusindika yaliyopakwa rangi ya chuma, akalaani tabia hiyo, na mimi niliyekwisha umizwa na mbao hizo nikajiona nimempata ndugu wa damu. Nililipa arbuni palepale, na nyingine nikamaliza siku ya kuletewa mzigo.

Siku hiyo nayo ilikuwa na ishara yake, ila nilikuwa kipofu. Kijana mmoja alishuka kwenye gari la mizigo, akaweka kabati moja kwenye bega la kulia na jingine kwenye bega la kushoto, akatembea nayo kutoka barabarani hadi gereji huku akipiga mluzi. Nikamsifia nguvu. Nilimwita jirani aje kumwona! Fundi aliyekuja naye, ambaye kazi yake ilihesabiwa kuwa ni bure, alitoboa ukuta kwa keekee, akapachika fisha za plastiki, yaani vile vijiti vya kushika skrubu ndani ya tundu la ukuta, akafunga kila kabati kwa skrubu nne zilizopita moja kwa moja kwenye bati la mgongo, na kabla ya saa mbili kwisha alikuwa amemaliza yote manne. Risiti aliyoniachia iliandikwa "makabati ya ukutani 4", basi. Hakuna unene, hakuna uzito, hakuna dhamana. Nikaikunja na kuitia mfukoni.

Usiku wa tatu, yapata saa nane, tulisikia kishindo kilichomfanya mtoto aamke akilia. Kabati la pili kutoka mlangoni lilikuwa juu ya boneti ya gari, kifudifudi, na rangi nyeupe ya mafuta ilikuwa ikitiririka taratibu kuelekea kwenye taa. Ndani yake nilikuwa nimeweka madebe mawili ya rangi ya lita 4, kisanduku cha vifaa, keekee na mnyororo wa kuvutia gari. Asubuhi yake nilivipima vyote kwenye mizani, kasoro ile rangi iliyomwagika ambayo niliikadiria, na jumla ilifika takriban kilo 30. Thelathini, si mia. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwa usiku, kwa maana mchana, gari likiwa limetoka, mahali lilipoangukia ndipo mwanangu anapoegesha baiskeli yake, na mnajua anavyokaa pale akiitengeneza.

Sasa tazameni jambo moja kwa karibu, kwa kuwa ndilo linalombana muuzaji huyu. Skrubu hazikung'oka ukutani. Zote nne zilibaki palepale, zimekaza, na chini ya kichwa cha kila moja kuna kipande kidogo cha bati la kijivu kilichochanika kwa duara, kama kifungo kilichong'oka na kipande cha shati. Ukuta ulishika na fisha zilishika. Kilichochanika ni mgongo wa kabati, kwa sababu bati lilikuwa jembamba na fundi hakuweka hata washa moja, yaani kile kiduara bapa cha chuma kinachowekwa chini ya kichwa cha skrubu ili kutawanya uzito.

Niliazima kalipa, kifaa cha kupimia unene, nikapima. Mgongo ulikuwa milimita 0.45. Katikati ya mlango palikuwa milimita 0.6. Ule ukingo niliobana kwa vidole viwili ulikuwa bati lilelile lililokunjwa mara mbili, likapigwa rangi nene juu yake, ndiyo maana ulionekana kama mgongo wa kisu. Kuhusu geji, ninaona haya kuandika, lakini nitaandika: namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyopungua unene. Geji 18 ni kama milimita 1.2, na geji 26 ni hiyo 0.45 niliyoipima. Kwa hiyo mtu yule hakunidanganya namba. Aliniambia waziwazi kwamba ananipa bati lililo chini ya nusu ya unene wa jirani zake, nami nikatikisa kichwa kwa furaha kwa kuwa 26 ni kubwa kuliko 18.

Mizani nayo ingeniokoa. Bati la chuma la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita moja lina uzito wa takriban kilo 7.85. Kabati la vipimo nilivyovitaja, pamoja na milango na rafu moja ya ndani, linakula kama mita 2.6 za mraba za bati. Likiwa la milimita 1.2, linapaswa kukaribia kilo 25 likiwa tupu. Langu lina kilo 12. Sasa ninaelewa kwa nini kijana alikuwa anapiga mluzi.

Nilimpigia simu. Mara ya kwanza alisema ukuta wangu ni mbovu, nikamweleza habari za skrubu zilizobaki, akakata. Mara ya pili alisema nimepakia kupita kiasi, nikamkumbusha kibao chake, naye akanijibu bila aibu yoyote kwamba kilo 100 ni za makabati yote manne kwa pamoja. Yaani kilo 25 kwa kila moja, na hilo hakuliandika popote wala hakulitamka. Mara ya tatu alisema, "Lakini nilikwambia ni geji 26, mzee," na ninaapa nilisikia mtu akicheka nyuma yake.

Nikafunga safari kurudi kwenye maonyesho na shemeji, tukaenda wakati yeye mwenyewe ametoka. Tulizunguka nyuma ya fremu. Kabati la sampuli lilikuwa limefungwa kwenye ubao wa plaiwudi, na ndani yake mgongo na mbavu zilikuwa zimetandikwa plaiwudi nyingine iliyopakwa rangi ileile ya kijivu hata huwezi kuitofautisha mpaka uikwaruze kwa ukucha. Bolti nne nene zilipita kwenye mbao hizo zote hadi kwenye chuma cha fremu, kila moja na washa pana kama sarafu. Hata tembo angening'inia pale. Katika makabati niliyouziwa hakuna plaiwudi, hakuna bolti, hakuna washa, na ule mshindo mzito wa ngumi ulikuwa mshindo wa mbao, kama nilivyousikia kwa masikio yangu nikashindwa kuuelewa.

Mtu huyu anastahili kufikishwa mahakamani, na ninasema hivyo nikiwa nimetulia. Si suala la fedha zangu tu. Mtu anayeuza kitu cha kufungwa juu ya vichwa vya watu, akijua kwamba mgongo wake unaweza kuchanika kama karatasi, hana tofauti na anayelegeza nati za gurudumu la gari lako kisha akakutakia safari njema. Waandaaji wa maonyesho wamfungie kibanda. Arudishe fedha za kila aliyemuuzia, alipie boneti yangu, na kabla ya yote hayo alazwe usiku mmoja chini ya makabati yake matatu yaliyobaki, kila moja likiwa limepakiwa zile kilo alizoziandika kwenye kibao. Shemeji anasema nimezidisha. Mimi sioni nilipozidisha.

Kwa wale ambao bado mnatafuta makabati ya juu, mtamtambua muuzaji wa namna hii kwa sampuli moja tu ambayo haruhusu ishushwe, kwa kukuhimiza ubane ukingo badala ya katikati ya bati, na kwa sumaku, ambayo hushika bati jembamba pia na kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu unene. Muulize milimita, si geji, na aziandike kwenye risiti, milango kivyake na mgongo kivyake. Muulize pia kilo zake ni za kabati moja au za seti, za rafu au za kabati zima. Omba unyanyue lile utakalopelekewa wewe, lililomo ndani ya boksi. Ukilibeba kwa mkono mmoja, liache hapohapo. Yako mengine, kama vile reli ya chuma ya kupita nyuma ya makabati yote, lakini kichwa changu kwa sasa hakitulii kwenye hayo.

Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa ninaandaa malalamiko rasmi na sitaki apate upenyo wa kudai kwamba nimemchafua. Aliyewahi kununua kwake asitupe risiti hata kama ina maneno matatu, na kama kabati lake limeanguka asing'oe skrubu zilizobaki ukutani kabla hajazipiga picha. Za kwangu nimezipiga picha pamoja na rula kando yake. Makabati matatu yaliyobaki nimeyashusha yakiwa matupu, yamepangwa sakafuni palepale ambapo makopo yalikuwa, na gari sasa linalala nje. Jumatatu nitakwenda ofisi ya waandaaji nikiwa na ule mgongo uliochanika chini ya kwapa. Ni mwepesi, hautanichosha.