BMW R1100RT iliyotumika: kagua haya kabla hujatoa hela

Ukitafuta pikipiki ya safari ndefu kwenye masoko ya vyombo vilivyotumika Ujerumani, Uholanzi au Uingereza, hutakosa kuiona R1100RT. Ilitengenezwa Berlin kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2001, ilipopokewa na R1150RT. Injini ni cc 1,085 ya silinda mbili zilizolala, moja kila upande, inapozwa kwa hewa na oili, nguvu za farasi 90, gia tano, na mzunguko unafika tairi la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Ikiwa imejaa mafuta ina uzito wa kilo 282. Kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa swichi, na mwenye mgongo mbovu atamaliza siku nzima juu yake bila kulalamika.

Wanunuzi wengi wanakimbilia kusoma kilomita. Kwa pikipiki hii kilomita zinasema machache. Injini ikibadilishiwa oili kwa wakati inavuka laki moja na nusu bila kufunguliwa, ilhali nyenzake yenye elfu sitini inaweza kuwa imeliwa splaini za klachi, yaani meno ya shafti yanayobeba sahani ya klachi. Kazi zake za kawaida ni rahisi kuliko za karibu pikipiki yoyote kubwa ya rika lake. Kazi tatu zisizo za kawaida ndizo zinazoamua kama umenunua chombo au umenunua deni, na hizo tatu hazionekani kwa kuizunguka pikipiki na kupiga teke tairi.

Tuanze na uzuri wake, maana upo: tapeti, yaani kupima na kurekebisha nafasi za valvu. Silinda zimechomoza nje, kwa hiyo tangi haliguswi. Injini iwe baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Isimamishe kwa dabo stendi, weka beseni chini ya silinda kwa sababu oili kidogo itamwagika, toa plagi zote mbili, ingiza gia ya tano, kisha zungusha tairi la nyuma kwa mkono kuelekea mbele. Chovya kijiti cha plastiki, si cha chuma, kwenye tundu la plagi ili uisikie pistoni ikipanda. Ikifika juu kabisa na rocka zote (mikono inayosukuma valvu) za silinda hiyo zikawa zinacheza kidogo ukizitikisa, hapo ndipo pa kupimia. Rocka zikikaza ujue uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha injini duru moja nzima.

Valvu za nyuma ni za kuingiza, nafasi yake milimita 0.15. Za mbele ni za kutoa moshi, milimita 0.30. Kila rocka inasukuma valvu mbili, kila moja na skrubu yake, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapima valvu moja moja kwa fila geji moja (kibamba chembamba cha kupimia nafasi). Rocka inaegemea upande mmoja na kipimo kinadanganya. Tumia fila geji mbili za unene uleule, ziingize kwa pamoja chini ya skrubu zote mbili, urekebishe mpaka zote zikwaruze sawa. Nati za kufungia zinabanwa kwa Nm 8 tu (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kubana), na bolti za kava la silinda vilevile. Anayezibana kwa nguvu za mkono kama bolti za gurudumu atang'oa nyuzi kwenye alumini. Gasketi za kava ni za mpira na zinarudishwa kama hazijawa ngumu. Zipo mbili kila upande: ya ukingoni na ya duara inayozunguka tundu la plagi. Ukikuta oili kwenye tundu la plagi, mkosaji ni hiyo ya duara.

Tapeti zikilia tiki-tiki kidogo injini ikiwa baridi, mwache muuzaji ajitetee, si ugonjwa. Iogope zaidi ile iliyo kimya kabisa: valvu ya moshi iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake, haipati pa kupoza joto lake, na mwisho inaungua.

Baada ya tapeti na plagi ndipo unasawazisha throto (milango ya kuingizia hewa) za pande mbili, na mpangilio huo haubadilishwi. Lawama kubwa ya madereva wa R1100RT ni kusukasuka: ukishikilia mwendo mmoja kati ya mizunguko 3,000 na 4,000 kwa dakika, inasonga, inalegea, inasonga tena. Chanzo kimoja ni kwamba kiwandani ilipewa petroli kidogo kulinganisha na hewa kwa ajili ya sheria za moshi, na hilo huliondoi lote. Lakini sehemu kubwa ya kero hutokana na silinda moja kuvuta kuliko nyingine. Kipimo kinatengenezwa nyumbani: mpira mwembamba unaoona ndani, mita nne hivi, uukunje kama herufi U kwenye ubao, utie oili ya tu-stroki katikati, kisha chomeka ncha kwenye vitundu vya chini ya throto, vile vyenye vifuniko vya mpira. Oili ikipanda upande mmoja, upande huo unavuta zaidi. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kuongezwa mafuta, unarekebisha kwa skrubu kubwa za shaba, ukilenga mizunguko kama 1,100. Ukiongeza mafuta kidogo, unarekebisha kwa kebo. Skrubu ndogo ya kikomo cha throto iliyotiwa rangi kiwandani usiiguse. Ukiisogeza unavuruga pia kipimo cha sensa ya throto, na hapo ndipo kusukasuka kunakuwa kwa kudumu.

Tahadhari moja kwenye kazi hiyo: injini inatakiwa iwe ya moto, lakini haina feni. Weka feni ya nyumbani mbele yake. Ikinguruma imesimama kwa muda mrefu inapata joto kupita kiasi, na kioo kidogo cha kusomea oili upande wa kushoto kinaweza kuchomoka na kumwaga oili yote sakafuni.

Oili ya injini ni lita 3.75 pamoja na filta, 20W-50 ya kawaida inatosha. Giaboksi na difu (gia za kwenye gurudumu la nyuma, mwisho wa shafti) hunywa 80W-90 GL5: difu lita 0.23 hivi, giaboksi mpaka ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kiwango cha injini kisomwe baada ya safari, pikipiki ikiwa kwenye dabo stendi, dakika kumi baadaye. Ukiilaza kwenye stendi ya pembeni halafu asubuhi ikatoa moshi mweupe upande wa kushoto, hiyo ni oili iliyotiririkia silinda ya kushoto, haina neno.

Filta ya petroli imejificha ndani ya tangi, na kwa sababu haionekani, husahauliwa. Ibadilishe kila kilomita 40,000. Unapoibadilisha, badilisha na mipira mifupi iliyo humohumo ndani, na usitie mpira wa petroli wa kawaida. Mpira wa kawaida umekusudiwa kuguswa na petroli ndani tu. Ukizamishwa unavimba, unachanika, na petroli inarudi tangini badala ya kwenda injini. Dalili yake inachanganya sana: pampu inasikika, injini inawaka, sailensa ni nzuri, ila ukiomba nguvu inakufa. Mpira unaofaa una maandishi 30R10. Presha ya mfumo ni baa 3.

Sasa zile kazi tatu zisizo za kawaida.

Ya kwanza ni sensa ya Hall, iliyo nyuma ya puli ya mbele ya krankshafti. Ndiyo inayoiambia kompyuta wakati wa kupiga cheche. Gamba la waya zake hukauka kwa joto, hupasuka, na waya zikabaki uchi. Siku ya jua huoni kitu. Ikinyesha, au ukiiosha kwa mashine ya presha, injini inamisi kisha inazima, na mara nyingi mshale wa mizunguko unaruka au kuanguka sifuri injini ikiwa bado inazunguka. Ukisubiri ikauke, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Watu wamebadilisha koili, pampu na plagi wakifukuza ugonjwa huu. Mwombe muuzaji ruhusa unyunyize maji kwa chupa sehemu ya mbele ya injini, upande wa chini, ikiwa inanguruma. Akikataa, umepata jibu. Matengenezo yake si ghali: fungua kava la mbele, toa mkanda wa alteneta, toa puli, na kabla hujalegeza bamba la sensa chora alama kwa msumari kuonyesha lilipokaa, kwa kuwa nafasi yake ndiyo wakati wa cheche. Kisha badilisha waya pekee, utie zenye gamba la Teflon. Ukishafika hapo ndani, mkanda wa alteneta uweke mpya.

Ya pili ni splaini za shafti inayoingia giaboksi. Klachi ni kavu, na sahani yake inateleza juu ya meno hayo. Giaboksi ikiwa haikukaa sawasawa na injini tangu kiwandani, meno yanasagana kila mzunguko mpaka yanakuwa makali kama ya msumeno, na siku moja unaachia klachi injini inanguruma pikipiki haiendi. Ugonjwa huu unasemwa zaidi kwa R1150, lakini R1100 hazijasalimika. Namna ya kukagua bila kupasua pikipiki: toa stata, ingiza gia, mtu mmoja abane klachi, mwingine asukume sahani kwa bisibisi kupitia tundu la stata. Ikicheza kwa mzunguko zaidi ya kidogo sana, meno yamekwisha. Kutengeneza ni kuikata pikipiki vipande viwili, na saa za fundi ndizo zinazouma kuliko spea. Ukiwa umechungulia hapo, tazama pia kitundu cha chini kati ya injini na giaboksi. Likidondoka tone, linuse: harufu kali kama ya kiberiti ni oili ya giaboksi, isiyo na ukali huo ni sili ya nyuma ya krankshafti. Zote mbili zinaharibu klachi.

Ya tatu ni beringi kubwa ya difu. Kwenye dabo stendi shika tairi la nyuma juu na chini, sukuma na kuvuta. Ukisikia mchezo, mwambie mwenzako aweke kidole kwenye maungio. Mchezo ukiwa kati ya difu na mkono wa nyuma, ni beringi za egemeo, zinarekebishika ingawa bolti zake zimefungwa kwa gundi na zinahitaji kupashwa moto. Mchezo ukiwa kati ya gurudumu na difu yenyewe, beringi kubwa imeanza kufa. Mwage oili ya difu utazame sumaku ya bolti: uji mweusi laini ni kawaida, vipande vinavyong'aa si kawaida. Sili ya difu inayovuja kwa ghafla huwa haivuji kwa uzee wake. Mara nyingi beringi iliyolegea ndiyo imeisukuma.

Cheti kipya cha TÜV, ukaguzi wa Ujerumani wa kila miaka miwili, hakikulindi na haya. Mkaguzi anatazama breki, taa, moshi na matairi. Splaini hazifungui.

ABS yake (mfumo unaozuia matairi yasikwame ukishika breki) ni ya kizazi cha pili, nzito lakini haina makuu. Taa zake mbili zikipepesa pamoja ukiwasha, ni kujipima, zinazimika ukianza kuondoka. Zikipepesa kwa kupishana, mfumo umejizima, na breki zinabaki za kawaida. Kabla hujaogopa, pima betri: stata ikivuta umeme mwingi volti zinashuka na kompyuta ya ABS inagoma. Volti zikiwa 13.8 hadi 14.2 injini ikizunguka 3,000, alteneta ni nzima. Betri yenyewe iko chini ya tangi, na aliyeamua hivyo hakuwahi kuibadilisha barabarani.

Kwenye breki ndipo ninapoipendelea R1100RT kuliko R1150RT, japo ya pili ina gia sita na klachi ya haidroliki. R1150RT nyingi zina breki zinazosaidiwa na pampu ya umeme. Pampu ikifa, nguvu za breki zinapungua vibaya, na bei ya kitengo kipya inakaribia bei ya pikipiki. Ya R1100 ni mipira, kaliper na mafuta ya DOT 4 ya kubadilisha kila mwaka, basi.

Nyota nne kati ya tano kwa mwenye spana zake, mbili kwa anayetegemea karakana ya watu. Anayefikiria kuishusha nayo mpaka Nairobi au Dar es Salaam ajue kwamba fundi aliyezoea Boxer ya Bajaj ataseti tapeti zake vizuri tu akipewa vipimo, lakini spea zote zitatoka nje. Abebe kebo ya klachi, kwa kuwa hukatika pale kwenye mkono wa klachi nyuzi moja baada ya nyingine. Sensa ya Hall iliyokwisha tiwa waya mpya. Filta ya petroli na mipira yake. Na fila geji mbili. Bolti nne za gurudumu la nyuma zinabanwa Nm 105, zikiwa kavu, bila grisi.