Kununua Nyumba Karibu na Upepo: Mwongozo kwa Mchezaji wa Kaiti

Mtu anayependa kuteleza juu ya maji akivutwa na kaiti, yaani tiara kubwa ya kitambaa, akifikia hatua ya kutaka kuhamia pwani, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni wapi duniani upepo unavuma zaidi. Hilo ni swali la mgeni wa wiki mbili, ambaye huja katika msimu bora, hana mwajiri anayemsubiri, na upepo ukilala siku moja huagiza kinywaji akapumzika. Mkazi ana saa za kazi, ana watoto wa shule, na ana miezi ya mvua ambayo lazima aiishi kama ilivyo. Kwa sababu hiyo, kipimo kilichotumika katika mwongozo huu ni kimoja: ni saa ngapi katika mwaka ambazo upepo unaofaa, maji salama na muda wako wa mapumziko hukutana mahali pasipozidi nusu saa kutoka mlangoni pako. Baadhi ya miji yenye sifa kubwa imeshuka sana kwa kipimo hicho.

Kwanza ni vyema kuelewa upepo unaofaa ni upi. Wachezaji wengi hufurahia mwendo wa kati ya kilomita 28 na 46 kwa saa. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, maana yake ni kwamba upepo wa kilomita 40 kwa saa huvuta mara nne ya upepo wa kilomita 20, na ndiyo maana mchezaji humiliki kaiti kadhaa, labda ya mita za mraba 12 kwa siku hafifu na ya mita 7 au 9 kwa siku kali. Kwa mkazi, upepo wa wastani unaovuma sawasawa una thamani kuliko upepo mkali wenye dharuba za ghafla. Ujio wa ubao wa foili, unaoinuka juu ya maji kwa bawa lililo chini yake, umebadilisha hesabu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mchezaji mzoefu huweza kuutumia katika upepo wa kilomita 18 hivi kwa saa. Fukwe zilizokuwa zikidharauliwa sasa zinakalika, mradi maji yawe na kina kinachozidi urefu wa mguu wa foili, ambao mara nyingi hukaribia mita moja.

Jambo la pili, ambalo wanunuzi wengi hulipuuza, ni chanzo cha upepo, kwa sababu chanzo ndicho kinachopanga saa. Upepo unaosababishwa na nchi kavu kupata joto haraka kuliko bahari huanza mnamo saa tano asubuhi, hufikia kilele alasiri na hufifia jua linapokaribia kuzama. Unamfaa anayeanza kazi alfajiri, na unamkosesha raha anayetoka ofisini saa kumi na moja jioni. Pepo za kudumu za tropiki, zile ambazo mabaharia waliziita pepo za biashara, hazina masharti makali namna hiyo, ingawa nazo huimarishwa na joto la mchana. Upepo unaoletwa na mifumo ya dhoruba huweza kufika saa yoyote, hata usiku wa manane, na huhitaji mtu anayeweza kufunga kompyuta yake bila kuomba ruhusa. Unapochunguza mahali, tafuta kumbukumbu za miaka kadhaa kutoka kituo halisi cha hali ya hewa kilicho karibu na ufuo. Utabiri wa kompyuta unaogawa dunia katika miraba mikubwa mara nyingi hukadiria chini ya kiwango upepo wa joto wa eneo dogo.

Baada ya hapo tazama ramani uone ufuo unaelekea wapi. Upepo bora ni ule unaovuma sambamba na ufuo, au unaokuja kimshazari kutoka baharini, kwani mchezaji akipatwa na tatizo hurudishwa nchi kavu polepole. Upepo unaotoka bara humpeleka kwenye bahari kuu, na mahali pasipo na boti ya uokoaji hapafai hata kama maji yake yamelala kama kioo. Upepo unaopiga ufuo moja kwa moja nao humtupa kwenye kuta, miti na nguzo za umeme, na kwa kuwa kamba za kaiti huwa na urefu wa mita 20 hadi 24, ufuo mwembamba hauna nafasi ya kosa. Kagua hasa upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, ujue kama kuna majabali au gati.

Kwa kuzingatia hayo yote, nafasi ya kwanza naipa Cape Town, upande wa Bloubergstrand na Table View. Upepo wa kusini-mashariki huvuma huko tangu takriban Oktoba hadi Machi, na wenyeji waliuita Daktari wa Rasi kwa imani kwamba huondoa hewa chafu juu ya mji. Hushika nguvu zaidi alasiri, na kwa kuwa mwezi Desemba jua huzama karibu na saa mbili usiku, mfanyakazi wa kawaida hupata muda wa kuingia majini baada ya kazi, jambo ambalo ni adimu katika orodha hii. Ufuo huo ndio umekuwa mwenyeji wa mashindano ya King of the Air tangu mwaka 2013, na ushahidi huo una pande mbili: upepo ni wa uhakika, lakini mara nyingi ni mkali kuliko anavyohitaji mwanafunzi. Maji ni baridi hata wakati wa kiangazi, kwa sababu upepo uleule husukuma maji ya juu mbali na pwani na kuyaacha ya kina kirefu yapande, hivyo suti nzito ya mpira ni ya lazima. Anayetaka maji tulivu huenda Langebaan, umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini, na wapo wanaoona afadhali kununua hukohuko. Majira ya baridi huleta mvua na upepo wa kaskazini-magharibi usiotabirika. Pamoja na kasoro hizo, Cape Town inashinda kwa kuwa ni jiji kamili lenye ajira, vyuo vikuu, hospitali na uwanja wa ndege wa kimataifa. Upepo ukikataa kwa mwezi mzima, maisha yako hayasimami. Sharti langu ni moja tu: nunua upande huohuo wa Blouberg, kwa maana anayekaa upande wa pili wa jiji atatumia jioni zake ndani ya foleni ya magari.

Ya pili ni Cumbuco, katika jimbo la Ceará nchini Brazili. Kwa uhakika wa upepo pekee ingekuwa ya kwanza, kwani kuanzia Julai hadi Januari siku isiyo na upepo ni habari. Maji ni ya vuguvugu, ziwa la Cauípe lililo jirani hutoa maji bapa, na jiji la Fortaleza liko umbali wa kilomita 30 hivi tu. Kasoro yake ni nusu ya kwanza ya mwaka: kati ya Februari na Mei mvua huongezeka na upepo hupungua, na anayeishi kwa ajili ya kaiti pekee huanza kuchoka. Mnunuzi ajue pia kwamba sheria ya Brazili inalihesabu eneo la mita 33 kutoka mstari wa wastani wa maji kujaa wa mwaka 1831 kuwa ardhi ya serikali kuu, na mwenye nyumba ndani yake hulipa ada maalumu. Mwanasheria atakayepuuza kuutaja mstari huo, mwache atafute mteja mwingine. Jericoacoara, iliyo mbali zaidi kwa takriban kilomita 300 kutoka Fortaleza, ni nzuri mno kwa likizo, lakini barabara zake za mchanga na masharti ya hifadhi ya taifa inayoizunguka hulemea maisha ya kila siku.

Tarifa, kusini kabisa mwa Hispania bara, imeangukia nafasi ya tatu, na najua wako watakaolalamika. Mlango-bahari wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 tu mahali pake pembamba, na hewa inayobanwa humo huzaa pepo mbili: Levante kutoka mashariki na Poniente kutoka magharibi. Kwa kuwa moja huchukua zamu ya nyingine, Tarifa ina upepo karibu mwaka mzima, sifa ambayo miji miwili ya juu haina. Poniente ni ya kiungwana. Levante huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo kwa dharuba zinazotikisa madirisha usiku kucha, ikawa kali mno kwa wengi, na katika baadhi ya fukwe hutoka bara. Kiangazi, fukwe hujaa waogeleaji na wachezaji huruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa tu. Sheria ya Pwani ya Hispania ya mwaka 1988 huweka ukanda wa ulinzi wa mita 100 kutoka mpaka wa ufuo wa umma, ambao hupungua hadi mita 20 katika maeneo ya mji, na huwekea ujenzi vikwazo vizito humo. Usisaini kabla ya kujua nyumba imesimama upande gani wa mstari.

Cabarete, pwani ya kaskazini ya Jamhuri ya Dominika, inamfaa sana mtu anayefanya kazi asubuhi, kwa kuwa bahari hutulia hadi karibu na adhuhuri, kisha upepo wa joto huungana na pepo za biashara. Uwanja wa ndege wa Puerto Plata uko karibu. Msimu wa vimbunga, Juni hadi Novemba, lazima uingie katika hesabu ya bima na ya uimara wa paa.

Hood River, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, iko mbali na bahari na bado inastahili nafasi ya tano. Hewa baridi ya Pasifiki hufyonzwa kupitia bonde la mto Columbia kuelekea bara lenye joto, na kwa kuwa mto hutiririka kuelekea magharibi huku upepo ukielekea mashariki, mkondo humrudisha mchezaji upande wa joshini, yaani kule upepo unakotoka, hata asiyejua bado kubisha vizuri, yaani kusonga dhidi ya upepo. Maji hayana chumvi, kwa hiyo zana na vyuma vya nyumba hudumu. Msimu ni wa Mei hadi Septemba hivi. Baada yake mlima Hood huwapokea wanaoteleza thelujini.

Paje, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, ina misimu miwili: kusi kati ya Juni na Septemba, na kaskazi kati ya Desemba na Machi, huku mvua za masika zikiigawa miwili hiyo. Mwamba huvunja mawimbi na kuacha maji tulivu ya vuguvugu. Tatizo ni kupwa kwa maji. Wakati wa bamvua bahari hurudi mbali sana, mchanga ukabaki wazi kwa saa nyingi, na ratiba hiyo husogea kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo mwenye saa maalumu za kazi atakosana nayo mara kwa mara. Mtu anayejipangia kazi zake kwa intaneti aipandishe hadi nafasi ya pili bila kusita.

La Ventana, nchini Meksiko, hupata upepo wa kaskazini kuanzia Novemba hadi Machi na kiangazi huwa joto tupu, kwa hiyo ni mahali pa nyumba ya pili. Mgeni hawezi kumiliki moja kwa moja ardhi ya makazi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani. Hupitia mpango ambao benki hushika hati kwa niaba yake. Dakhla haimo katika orodha kwa makusudi, kwani upepo wake ni wa ajabu, lakini mgogoro kuhusu mamlaka ya Sahara Magharibi hufanya hati ya ardhi kuwa suala zito.

Ya mwisho ni visiwa vyembamba vya Hatteras, jimbo la North Carolina. Maji mapana na ya kina kifupi ya Pamlico Sound ni miongoni mwa bora kwa kujifunzia. Hata hivyo, mchanga wenyewe unahama, barabara kuu ni moja na hufunikwa na bahari wakati wa dhoruba, na tangu mwaka 2020 nyumba kadhaa za Rodanthe zimeporomokea baharini. Panga huko, usinunue. Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani haifidii mafuriko.

Popote utakapochagua, panga nyumba kwanza kwa mwaka mzima, ikiwa ni pamoja na miezi mibaya, kabla ya kutoa malipo ya nyumba. Ukifika hatua ya kununua, usivutiwe na mstari wa mbele kabisa wa ufuo: chumvi hula bawaba, kufuli na viyoyozi, mchanga huingia kila chumba, na faida ya kuona bahari hupotea pale madirisha yanapofungwa siku nzima kwa sababu ya upepo uleule uliokuleta. Nyumba iliyo mtaa wa pili au wa tatu, yenye njia ya wazi ya kufika ufuoni iliyoandikwa kisheria, ni ununuzi bora zaidi. Iwe na stoo ya chini yenye mlango mpana, bomba la nje la kuoshea zana, na kivuli cha kuanikia, kwa maana jua huharibu kitambaa cha kaiti haraka kuliko matumizi.

Ukaguzi mmoja wa mwisho hufanywa katika ofisi ya mipango miji. Omba kuona vibali vya ujenzi vya upande wa joshini wa ufuo wako. Jengo refu huvuruga hewa kwa umbali unaozidi kimo chake mara nyingi, na safu ya hoteli ikiinuka huko miaka mitatu baada ya wewe kuhamia, ufuo uliokuwa na upepo laini utabaki na dharuba na mapengo.