TAHADHARI: Mtu wa Mnyororo katika Kiwanja cha Nyuma ya Ukumbi, Leicester, Uingereza

Ndugu zangu, hasa mliokuwa kwenye khitma ya Jumamosi na mtakaorudi ukumbini kwa arobaini, nawaomba msiegeshe gari katika kile kiwanja cha nyuma chenye geti la kijani. Nimeibiwa pale pauni 150 mchana kweupe, na aliyeniibia alinikabidhi karatasi kana kwamba ni mtu wa serikali.

Siku ile nilichelewa. Barabara yote ilikuwa imejaa, kiwanja kilikuwa kitupu, nami nilikuwa na sufuria mbili za pilau. Nilikaa ndani kama dakika 40. Nilipotoka na mama mkwe na watoto, nilikuta bahasha ya plastiki imebandikwa kwenye kioo cha mbele, ina mistari myeusi na ya njano pembeni na herufi PCN, kifupi cha Kiingereza cha hati ya kudaiwa fedha za kuegesha, zimeandikwa kubwa juu yake. Kando ya gurudumu la mbele alisimama mwanamume aliyevaa kizibao cha rifleta, na miguuni pake kilikuwapo kile chuma cha njano cha kufungia gurudumu, ambacho kwetu tunakiita mnyororo. Hakuwa amekifunga. Alikisogeza kwa mguu mpaka kikagusa tairi, kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba nikilipa pauni 150 papo hapo ataniachia niondoke, na nisipolipa atafunga gari, litavutwa, na nitalikomboa kwa pauni 400.

Nilimwamini, na sioni kwamba nilikuwa mjinga. Karatasi ilifanana na ile niliyowahi kupewa na halmashauri, ukutani palikuwa na kibao cha mwenye kiwanja, na mimi nimekulia Dar es Salaam, ambako gari likifungwa mnyororo hubishani, unatafuta fedha. Alisema mashine yake ya kadi imeharibika, akanisomea namba ya akaunti. Niliziingiza tarakimu moja moja huku mkono ukitetemeka na mama mkwe akiuliza kuna nini. Benki ikaniletea ujumbe kwamba jina nililoandika halilingani na jina la mwenye akaunti, ikaniuliza kama nataka kuendelea. Nilibonyeza kuendelea. Kubonyeza kule ndiko kunakoninyima usingizi hadi leo, kwa sababu watoto walikuwa wananitazama.

Jumatatu, shemeji yangu anayefanya kazi za sheria aliisoma ile karatasi na kunieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua tangu nilipopata leseni ya hapa. Katika England na Wales, tangu tarehe 1 Oktoba 2012, mwenye kiwanja binafsi au mtu wake haruhusiwi kufunga gari mnyororo wala kulivuta ili kumlazimisha mtu alipe. Kufanya hivyo ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2012 ya kulinda uhuru wa raia. Uskoti walitangulia, kwani mahakama kuu ya jinai ya huko iliamua mwaka 1992 kwamba kufunga gari na kudai fedha ni kosa la kutoza fedha kwa vitisho, na ni wizi pia. Kwa hiyo chuma kile cha njano hakikuwa na nguvu yoyote juu ya gari langu, nami nilikilipa pauni 150.

Nisieleweke vibaya, maana wapo wanaosambaza kwamba tiketi za viwanja binafsi zote ni za kutupa. Hilo nalo si kweli. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua dhidi ya bwana Barry Beavis, aliyezidisha dakika 56 katika maegesho ya maduka huko Chelmsford, kwamba pauni 85 alizodaiwa ni halali. Lakini lile ni dai la mkataba, halina hadhi ya faini, na anayedai akikataliwa sharti aende mahakama ya madai. Katika PCN ya halmashauri herufi P inasimamia neno la adhabu (penalty), katika ya mwenye kiwanja inasimamia neno la maegesho (parking), na matapeli wanaishi katika mfanano huo. Kampuni halali za maegesho zimo katika chama cha kampuni za maegesho, zina njia ya kukata rufaa, na kanuni zao zinaweka kikomo cha pauni 100, pamoja na punguzo la asilimia 40 ukilipa ndani ya siku 14. Karatasi yangu haikuwa na anwani wala jina la chama, na hakuna risiti niliyopewa.

Mtu yule anastahili kufikishwa mahakamani, na mwenye kiwanja asimame naye kizimbani, kwa sababu geti ni lake, kibao ni chake, na haiwezekani mtu akae na chuma kama kile siku nzima katika mali yako bila wewe kujua. Nataka warudishe fedha zangu na za kila mama waliyemtisha mbele ya watoto wake. Nimeshaandika maelezo polisi na benki. Mwenye picha ya kibao kile naomba anitumie leo, kwani nilipokwenda tena Jumatatu jioni nilikuta mashimo manne ya skrubu ukutani.