Equal-i-zer kwenye trela la chakula: kinahamisha uzito, hakiufuti

Wenzangu mnaovuta matrela ya chakula huku Texas, nimefunga kiungio cha kugawa uzito cha Equal-i-zer kwenye pikapu yangu ya Ford F-150, kile cha trela la hadi pauni 10,000 (kama kilo 4,500) na pauni 1,000 kwenye gololi, ile tufe ya chuma nyuma ya gari inayoshika trela. Sasa lori kubwa likinipita kwenye barabara kuu ya I-45, kati ya Houston na Dallas, trela langu la mishikaki linatulia nyuma yangu. Nakipendekeza kwa moyo wote.

Ila duka la kwanza nililoulizia waliniambia ukishakuwa na kifaa cha aina hii pakia utakavyo, uzito wa mbele ya trela unaisha wenyewe. Si kweli, na ni maneno ya hatari.

Uzito unaoilalia gololi unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ukipungua, trela linapiga mkia. Ukizidi, pikapu inakaa kitako, tairi za mbele zinakuwa nyepesi, usukani unalegea na taa zako zinawapiga machoni wanaokuja mbele. Kiungio hiki kina vyuma viwili virefu vinavyotoka kwenye kichwa chake na kukalia mabano kwenye fremu ya trela. Vikikazwa vinafanya kazi ya springi: ekseli ya nyuma ya gari inapunguziwa mzigo, na kilichopungua kinaenda kwa tairi za mbele na za trela.

Nilipima kwenye mizani ya CAT, ile ya vituo vya malori. Gari peke yake: mbele pauni 3,200, nyuma 2,400. Nilipounganisha trela bila vile vyuma: mbele 2,860, nyuma 3,580, ekseli za trela 6,160. Maana yake gololi imebeba 840, asilimia 12 ya trela la pauni 7,000, na mbele nimepoteza 340. Nilipokaza vyuma: mbele 3,020, nyuma 3,280, trela 6,300. Tazama vizuri hapo. Nyuma zimeondoka 300, mbele zimerudi 160, trela limepokea 140. Jumla ni ileile 12,600. Hakuna hata pauni moja iliyopotea, na trela lenyewe bado lina 840 zake kwa mbele.

Kwa hiyo kama mpangilio wa mzigo ni mbovu, unabaki mbovu. Na kibandiko cha mlango wa dereva, kile cha kikomo cha mzigo wa gari, bado kinakuhusu, pamoja na uzito wa kiungio chenyewe, maana ni chuma kizito hasa.

Kufunga kunataka subira. Kabla ya kuunganisha, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele. Pima tena trela likiwa limekaa kwenye gololi, kisha vyuma vikiwa vimekazwa. Mimi nalenga madigadi irudi nusu ya ilivyopanda. Wewe soma kitabu cha gari lako. Haijarudi kiasi hicho? Unaongeza washa (vile vyuma bapa vya duara vyenye tundu) kwenye kichwa au unapandisha mabano. Fundi asiyetoa futi yake ya kupimia, mwambie aitoe. Ukikata kona utasikia vyuma vinasaga, usishtuke: msuguano huo ndio unaozuia kuyumba. Soketi zipake grisi kabla ya safari.

Trela dogo la pauni 2,000 halikihitaji. Letu la jiko, lenye mitungi ya gesi na jenereta kwenye pua, linakihitaji, na linahitaji pia uangalie matenki. Galoni 40 za maji ni zaidi ya pauni 330. Tenki la maji machafu likiwa nyuma ya ekseli na limejaa, gololi inapunguziwa uzito hata vyuma vikiwa vimekazwa sawasawa. Yamwage panaporuhusiwa, ndipo uwashe gari.