Ligombo au filimbi: ipi ningeipeleka Mirihi?

Huku Iringa zote, ligombo (ala ya nyuzi ya Wahehe) na filimbi, zinapendeza. Kwenye sayari ya Mirihi (Mars) mambo ni mengine: kanieneo la hewa halifiki asilimia 1 ya letu, na hewa yenyewe karibu yote ni kaboni dioksidi.

Filimbi inategemea hewa inayotetemeka ndani ya bomba. Kule sauti husafiri takriban mita 240 kwa sekunde, si 340 kama hapa, hivyo noti zote zingeshuka karibu nusu oktava (oktava ni umbali toka do hadi do inayofuata). Tena haipulizwi ukiwa umevaa kofia ya anga.

Ligombo la Wahehe lina nyuzi. Noti huamuliwa na urefu, uzito na mkazo wa uzi, kwa hiyo wimbo ungebaki uleule, ila hafifu sana, noti za juu zikimezwa kwanza. Mimi nachagua ligombo, msikilizaji akae ubavuni kwangu.