GPS ya frikwensi moja au mbili kwa kazi za ziwani usiku

Mchana ya frikwensi moja inatosha kabisa, inakurudisha mwaloni Kirumba bila shida. Kasheshe ni jua likishazama, plazma, yaani hewa yenye umeme inayochelewesha mawimbi ya redio ya satelaiti, huko juu kilomita 300 hivi inaanza kufanya mapovu, hasa mwezi wa 3 na wa 9, na japo ikweta ya sumaku, yaani mstari wa katikati wa usumaku wa dunia ambako mapovu huanzia, inapita Ethiopia huko, sisi Mwanza yanatufikia pia, saa tatu usiku mmetia nanga kabisa alafu kimshale cha mtumbwi kinarukaruka kwenye skrini, satelaiti zinapotea moja moja. Ya frikwensi mbili, zinaitwa L1 na L5, inalinganisha mawimbi yote mawili inafuta ule ucheleweshaji, mi nachukua hiyo. Ila mawimbi ya satelaiti yakiyumba sana nayo inapoteza satelaiti, dira msiiache nyumbani.